Busu la Kando ya Jiko

Asubuhi ile supamaketi ya Pendrick ilipofungwa kwa ajili ya sinema, Lorna Dudek alikuwa amesimama mbele ya rafu ya supu za makopo, mikono juu ya toroli, amevaa gauni la maua ambalo si lake, akijizuia kucheka. Nyuma yake alisimama Peg Ouellette, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, naye kavalishwa vilevile, na kofia pana juu.

"Shoga, usigeuke," Peg alinong'ona. "Ukinitazama tu nimekwisha."

"Sigeuki. Naisikia tu hiyo kofia inavyohema."

Watu wa sinema walikuwa wamekuja Connecticut kutengeneza upya filamu ya zamani, ya kitongoji ambacho akina mama wote hawana kasoro hata moja. Ile ya zamani ilikuwa ya kutisha. Hii mpya waliamua iwe ya kuchekesha, kwa kuwa watu walikuwa wameshazoea. Mastaa waliletwa kwa ndege kutoka California, lakini akina mama wa kupita nyuma ya mastaa walipatikana palepale Pendrick, kwa mkate wa nyama ya bata mzinga na kikombe cha kahawa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Wasukume toroli kwa hatua moja mpaka mwisho wa rafu, wageuke pamoja, wazitabasamie nyanya. Tatizo lilikuwa kicheko cha Lorna. Kilianza kwa kukata pumzi, kikafuatiwa na mngurumo, kisha kikagoma, kikaanza tena, kama gari kuukuu linalowashwa asubuhi ya Januari. Kila walipozifikia nyanya, gari lile liliwaka.

"Wewe mama wa kicheko," mwongozaji alisema, mtu mwembamba mwenye sauti iliyokwisha. "Huwezi kukiacha nyumbani?"

"Nyumbani hakuna nafasi," Lorna alijibu, na ikabidi warudie tena.

Wakarudia mpaka soksi zikawashuka. Karibu na mchana wakafanikiwa mara moja: hatua moja, mgeuko mmoja, tabasamu moja refu kuelekea nyanya. Mwongozaji akapaza kile alichobakiwa nacho cha sauti. "Kata! Hiyo ndiyo!"

Akina mama waliachia toroli, wakavua viatu. Lakini wale wengine, wale waliotoka vizuri mara ile moja, hawakuacha. Wakaendelea kusukuma mpaka kwa keshia, kila mmoja na sura ileile ya mama aliyebaki nyuma miguu mitupu, wakatoa kuponi zilizokatwa kwenye gazeti bila kupinda, wakasema asante, wakatoka kwenda kwenye maegesho. Lorna alitazama mgongo wake mwenyewe ukiondoka. Hakuwahi kuuona. Lile gauni lilikuwa limeukaa vizuri.

Msaidizi wa mwongozaji alikuwa anakula tofaa. "Hao hutokea," alisema. "Mkirudia sana, ile iliyotoka vizuri inabaki. Tulipopiga filamu ya vita tulibakiwa na kikosi kizima. Sasa wanalima viazi Idaho. Watu wastaarabu sana."

"Na hawa watakula nini?" Peg aliuliza.

"Watakachopika."

Peg akaridhika, akaenda kutafuta viatu vyake.

Lorna alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu yule mwingine alikuwa ameondoka na gari. Alimkuta jikoni. Droo iliyokuwa imekwama tangu wanunue nyumba sasa ilifunguka kwa kidole. Viazi vilikuwa motoni, na juu ya meza chai baridi yenye barafu na jani la mnanaa. Yule mwingine alimvutia kiti, na Lorna akaketi. Akagundua kwamba ukikaa kwenye kiti kile saa kumi na moja jioni unauona mti wa mepo wa kina Ouellette wote, toka chini hadi juu. Miaka yote alikuwa anauona nusu, akiwa amesimama kwenye sinki.

"Kesho kuna nguo za kupiga pasi," alisema, ili asionekane mgeni.

"Nimeshapiga."

"Na mashuka?"

"Na mashuka."

"Mashuka hayapigwi pasi, mama."

"Sasa yanapigwa," yule mwingine alijibu kwa upole.

Mama Bronia, mkwewe Lorna, aliyekuwa anaishi chumba cha chini kando ya ngazi, akaingia na mkongojo wake. Akamtazama wa kwenye kiti, akamtazama wa kwenye jiko. "Wawili," alisema, kama mtu anayekagua mayai. Akachomoa kiazi kimoja kwa uma, akatafuna. "Wa jikoni anaijua chumvi. Usinune, mwanangu, nasema kilicho mdomoni tu."

Saa kumi na mbili Warren, mumewe Lorna, akafika kutoka Hartford. Alikuwa mtu wa bima, kazi yake kukagua mapaa yaliyoharibika. Akisimama chini kwenye majani aliweza kukuambia bati hili limepigwa na mvua ya mawe na lile limepigwa na mwenye nyumba kwa nyundo. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa theluji aliwawekea ndege mbegu, na harusini alilia kuliko mama wa bibi harusi. Kila jioni tangu waoane aliweka mkoba mlangoni, akaingia jikoni, akambusu aliye kando ya jiko, shingoni upande wa kulia.

Jioni ile alifanya hivyohivyo.

"Karibu nyumbani, mpenzi," alisema aliye kando ya jiko.

Ndipo Warren akamwona Lorna mezani. "Oo, kumbe tuna mgeni," alisema, akampa mkono.

Lorna aliutazama ule mkono. Akadhani ni utani, maana Warren wa zamani alikuwa na utani, kwa hiyo akaupokea na yeye akautania. "Mimi jirani mpya. Nimepanga chumba pale juu ya banda la gari la kina Ouellette." Akasubiri apasuke kwa kicheko.

"Karibu sana Pendrick," Warren alisema. "Taka zinabebwa Jumatatu."

Uma wa Mama Bronia ulianguka. Lorna akacheka, gari likaguruma, likagoma, likaguruma. Warren akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamia mbwa wa wengine, akauliza chakula ni nini.

Kabla giza halijaingia Lorna alichukua mswaki, raba zake, na bakuli lake la kioo la kuokea, akavuka barabara. Juu ya banda la gari alimkuta Peg anatandika vitanda viwili.

"Na wewe?" Lorna aliuliza.

"Na mimi. Mume wangu Norm kamwambia yule mwingine kapungua, kapendeza. Mimi nimesimama palepale namshika mbwa."

"Na mbwa je?"

"Mbwa ana akili zake. Huyo hapo chini ya kitanda."

Kesho yake Mama Bronia alipanda ngazi za banda, akiitukana kila ngazi kwa Kipolandi. Akajitupa kitandani. "Yule mwanangu ni mjinga. Sasa hivi naenda kumwambia."

"Usimwambie, mama," Lorna alisema. "Ukimwambia atakuwa ameambiwa. Mimi nataka aone."

"Mpaka lini?"

Lorna alikuwa ameshafikiri. Pale mtaani, Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, barabara hufungwa, meza zikapangwa katikati, na kila nyumba ikaleta chakula. "Mpaka siku ya meza za barabarani. Akinijua kabla hazijafungwa, navuka barabara narudi kwangu, na tutacheka mpaka Krismasi. Asiponijua, nyumba nimemwachia yule mwingine."

"Na viazi?"

"Viazi ni vyake tangu jana."

Mama Bronia alilifikiria hilo. "Basi nitakuwa nakula kule, nakuja kulalamika huku," alisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri sana. Kwenye nyumba zenye wale wengine majani yalifika kimo cha kiganja, yakaishia hapo yenyewe. Mvua ilisubiri nguo zianuliwe ndipo inyeshe, na hata ikinyesha ilianza kwa jirani. Waume walikutana kwenye uzio, mikono haina mashine ya kukatia majani, hawajui waiweke wapi.

"Bwana Warren," Norm alisema, "wangu kabadilika."

"Kivipi?"

"Kaacha kuniuliza maswali."

"Hata wangu. Itakuwa ni umri."

Wakakubaliana kwamba ni umri.

Ng'ambo ya barabara, Jumatano kwa Jumatano, Lorna na Peg na wenzao walikwenda kucheza boling, kuangusha pini kwa ile mipira midogo inayoenea kiganjani, wakarudi wamepaliwa kwa kucheka. Na ilipotokea kwamba mzee wa gari la aiskrimu amehamia Florida kwa ajili ya magoti yake, Lorna aliomba lile gari akapewa. Lilikuwa na spika juu ya paa yenye wimbo mmoja, uleule unaojulikana na kila mtoto. Lakini Lorna akishika usukani, spika iliuacha wimbo wake ikapiga alichokuwa nacho kichwani. Aghalabu kilikuwa polka, ile iliyopigwa siku ya harusi yake na Warren kwenye ukumbi wa Wapolandi kule New Britain, wakacheza mpaka kisigino cha kiatu chake kikaruka kikatua kwenye supu ya shangazi. Watoto waliipenda. Waliinunua aiskrimu wakirukaruka.

Warren naye alianza kutoka. Akisikia polka anashuka kwenye baraza na slipa, anaagiza ya vanila, anaegemea dirisha la gari. Alikaa hapo kuliko aiskrimu ilivyohitaji.

"Wimbo mzuri huu," alisema jioni moja. "Niliwahi kuusikia mahali."

"Wapi?" Lorna alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Sijui. Kwenye harusi ya mtu."

Spika ikakwaruza kidogo, ikaendelea.

"Unajua, mama aiskrimu, una kicheko kizuri," Warren alisema. "Mke wangu hana kicheko. Ana kila kitu, wallahi silalamiki, lakini kicheko hana."

"Hakuwahi kuwa nacho?"

Warren alilamba vanila, akafikiri kwa dhati, kama mtu anayekagua paa. "Sikumbuki," alisema.

Lorna akamwongezea kijiko kingine bure, akaondoa gari. Kila jioni, saa kumi na mbili, popote alipokuwa, alilipitisha gari kwenye mtaa ule, akapunguza mwendo mpaka aone mkoba umewekwa mlangoni. Ndipo aliweza kwenda kula.

"Acha kumchungulia," Peg alimwambia. "Umekuwa kama askari wa doria."

"Simchungulii. Nampa nafasi."

"Shoga, mtu anayenunua aiskrimu kwa mke wake kila siku kiangazi kizima, unampa nafasi gani tena? Umvalie bango?"

Siku ya Wafanyakazi ikafika na jua lake. Barabara ilifungwa kwa mapipa mawili na kamba, meza zikapangwa kuanzia nyumba ya kona. Yule mwingine alileta pai iliyosukwa juu kama kikapu, nzuri mno hata hakuna aliyethubutu kuikata. Lorna alipika anachopika kila mwaka, tambi za jodari zilizookwa, juu zimemwagiwa kripsi zilizovunjwa. Kona moja ilikuwa imeungua, kwa sababu kila mwaka husahau kuligeuza bakuli ndani ya oveni. Kila mwaka kona hiyo ilikuwa ya Warren. Alikuwa akiiwahi kwa uma kabla bakuli halijatua mezani.

Warren alizipita meza moja baada ya nyingine na sahani yake tupu. Aliipita pai. Akazipita kabichi zilizosokotewa nyama. Alipofika kwenye kona iliyoungua alisimama, akaikata yote, akaweka kipande mdomoni, akafumba macho. Mama Bronia aliacha kutafuna. Peg alimkanyaga mbwa.

"Nani kapika hii?"

"Mimi," Lorna alisema.

"Mama aiskrimu! Hii ina ladha ya..." Akatafuta. Lorna alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ina ladha ya nyumbani," Warren alisema.

"Nyumbani kwa nani?"

"Sijui. Nyumbani tu," alisema, akajipakulia tena.

Bado meza zilikuwa hazijafungwa. Kwa desturi ya mtaa ule, chakula kikiisha wanaume ndio huosha mabakuli kwa mpira wa maji na kuyarudisha kwa wenyewe, na ili yasichanganyike kila nyumba hubandika karatasi ya gundi chini ya bakuli na kuandika jina. Warren alifikia bakuli la Lorna. Akaliosha vizuri, akaligeuza. Chini yake palikuwa pameandikwa DUDEK, kwa mwandiko wa Lorna, ile K yenye mkia mrefu ambayo ilikuwa kwenye kadi zote za Krismasi ambazo Warren aliwahi kutia sahihi yake pembeni.

Alisoma. Akainua macho akamtazama Lorna. Akasoma tena. Akaja taratibu, bakuli mkononi linadondosha maji, akasimama mbele yake.

"Jirani," alisema, na sauti yake ilikuwa laini. "Sijui nianzie wapi."

"Anzia popote," Lorna alisema.

"Hili ni bakuli letu."

Lorna alisubiri.

"Wala usijisikie vibaya! Hutokea. La kina Ouellette tulikaa nalo mpaka Pasaka." Akampigapiga begani, akalitia bakuli kwapani, akavuka barabara akalipeleka kabatini kwake.

Mama Bronia ndiye aliyesema. "Kile kichwa nilikizaa kwa taabu. Ningejua ni cha pambo ningesukuma taratibu."

Lorna aliketi kwenye kiti cha kukunja. Kilichotoka kifuani mwake kilianza vibaya, pumzi ikakatika, na kwa muda hapakuwa na aliyejua kitageukia wapi. Kikaguruma. Kikagoma. Kisha kikashika, na safari hii hakikuzimika: kiliwaka moja kwa moja, laini, kama gari lililotoka kwa fundi, mpaka Peg naye akawaka, na mbwa akabweka, na meza zikafungwa watu wanafuta machozi. Wiki ileile Lorna alinunua bakuli jipya. Chini yake aliandika LORNA, basi.

Juni iliyofuata filamu ilitoka, na Pendrick nzima ikaenda kuitazama mchana wa Jumapili. Warren alikaa na mkewe katikati. Mstari wa nyuma yao walikaa Lorna, Peg na Mama Bronia, bisi mapajani. Filamu ilikuwa ya kuchekesha kweli. Mandhari ya supamaketi ilipita kwa muda wa chafya: akina mama, toroli, nyanya. Lakini mwishoni kabisa, wakati picha inabadilika, kilisikika kicheko kilichokata pumzi kikanguruma, ambacho watu wa sauti walikisahau, au walikipenda.

Warren alikaa wima. "Kicheko kile nakijua!"

Nyuma yake bisi ya Lorna ilisimama nusu ya njia.

"Subiri, usiniambie," Warren alimwambia mkewe, amemshika mkono, uso unang'aa. "Kile kicheko... ni cha mama aiskrimu! Umeona? Mimi mtu nikishamwona mara moja simsahau."

Yule mwingine alimgeukia. Alimtazama kwa kituo, kama anavyotazama shuka baada ya kulipiga pasi akakuta mkunjo. Midomo yake ilikuwa bado kwenye tabasamu lile la nyanya. Kisha kitu kifuani mwake kilikohoa. Kikanguruma. Kikagoma, na baada ya kugoma mara kadhaa, kama gari ambalo halijawahi kutembezwa tangu linunuliwe, kikawaka.

Lorna alikijibu kutoka nyuma. Vicheko viwili vilipokutana, ukumbi mzima uliacha kutazama filamu.

Nje, yule mwingine aliwahi kulifikia gari la aiskrimu. Gauni lake lilikuwa na mkunjo, na alikuwa anaugusa kwa kidole kama mtu anayegusa jino jipya.

"Una nafasi?" alimuuliza Lorna.

"Unajua kuendesha?"

"Najua kila kitu," alisema, bila majivuno. "Isipokuwa kukaa."

"Hilo linafundishika. Panda."

Mama Bronia alikuwa ameshapanda, ameketi juu ya friza na mkongojo wake. "Msinitazame hivyo. Mimi nafuata viazi." Peg akamsukuma mbwa ndani, akafunga mlango, na spika ikaanza polka kabla hata Lorna hajashika usukani, kwa kuwa sasa walikuwa wawili walio nayo kichwani.

Warren alirudi kwa miguu, maana jioni ilikuwa nzuri na gari hakuliona. Akaweka koti mlangoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Aproni ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake kando ya jiko. Akaibusu upande wa kulia, pale kamba inapopita shingoni, akauliza chakula ni nini.

Aproni ikampakulia viazi. Chumvi ilikuwa imekolea. Warren alikula, akashukuru, akasema leo umependeza, na kabla ya kupanda kulala akaikumbusha kwamba kesho ni Jumatatu, siku ya taka.